Nusu ya Mgeni

Kastuli Mlimbila alipewa mia kwa mia, na papo hapo akajua kuna kitu hakiko sawa, maana tangu azaliwe hajawahi kupata mia ya kitu chochote. Darasa la saba alipata arobaini na moja ya hesabu, baba yake akachinja kuku.

"Hongera, Kastuli," ilisema sauti ya Mlezi, mtambo wa kufuatilia wagonjwa, kutoka kwenye kioo kikubwa cha ukutani. Ilikuwa sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kurukiwa na mafuta ya kukaangia. "Siku tisini, dozi tisini. Figo yako inafanya kazi vizuri sana. Wewe ni mgonjwa wa mfano. Tafadhali tabasamu, tunakupiga picha ya ukutani."

Kastuli akatabasamu. Mtu ukiambiwa utabasamu kwa sababu unakojoa vizuri, utafanyaje? Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga pale Ifakara, miaka hamsini na miwili, kitambi cha wastani. Tangu apandikizwe figo, miaka minne sasa, alikuwa akifanya kazi na barakoa usoni, kwa sababu vumbi la pumba na mtu aliyetulizwa kinga ya mwili havipikiki chungu kimoja. Wateja wake wapya walidhani hana meno.

"Anayefuata," ikasema Mlezi. "Edeltruda Ngaponda."

Ukumbi wa Kituo cha Marudio, ambako waliopandikizwa hurudi kupimwa, ulikuwa na wagonjwa kama thelathini, na wote waligeuka. Matokeo yalisomwa kwa sauti, kila mtu asikie ya mwenzake. Wakubwa walisema inaleta ari.

Mwalimu Edeltruda akasimama na fimbo yake. Miguu ilikuwa imevimba mpaka mikanda ya kandambili imejichora kwenye nyama. Alifundisha hesabu huko Lupiro miaka thelathini na minne, na alivyokuwa anasimama tu, unajikuta umeweka mikono nyuma bila kuambiwa.

"Edeltruda. Siku tisini, dozi sabini na tisa. Alama zako ni themanini na saba. Figo yako imeshuka. Pacha wako Kastuli ana figo ya mtu yule yule na anameza dawa ile ile, na yeye hajashuka. Kwa hiyo tofauti ni wewe. Ombi lako la sindano ya kuamsha figo limekataliwa kwa uzembe. Tunakutakia afya njema."

Mtoto mmoja akakohoa, mama yake akamziba mdomo.

"Themanini na nane," akasema Mwalimu.

"Samahani, sijaelewa," ikasema Mlezi.

"Sabini na tisa gawanya kwa tisini, zidisha kwa mia, ni themanini na saba nukta saba saba. Ukikadiria unapata themanini na nane. Mnaniua, sawa, lakini niueni kwa hesabu sahihi."

Akageuka, akatoka nje, fimbo ikigonga sakafu. Kastuli akamfuata mbio. Ukutani nyuma yake picha yake ilikuwa imeshapandishwa, kubwa kama mlango, na ile picha ilikuwa inacheka.

*

Ili uelewe hasira ya Kastuli siku ile, uelewe kwanza habari ya mapacha.

Mtu akifa na figo zake zikawa nzima, Mamlaka ya Viungo huzigawa kwa watu wawili. Hao wawili ndio mapacha. Jina la marehemu hawaambiwi, ila wao kwa wao wanaunganishwa makusudi, kwa sababu Mamlaka iligundua kwamba ukitaka kumjua mgonjwa mzembe huhitaji kumpeleleza. Mpime na pacha wake. Figo zilitoka tumbo moja, zikaondoka siku moja, ikiwa moja inapanda na nyingine inashuka, basi kosa ni la aliyeibeba. Hivyo ndivyo walivyosema, na waliokuwa wanasema hivyo figo zao zote mbili walizaliwa nazo.

Kila mgonjwa ana kidoti, kidude kama punje ya mtama, kimewekwa chini ya ngozi karibu na figo mpya. Kinapima damu, kinapima maji, kinapima joto, na kila alfajiri kinapeleka umbea wake kwa Mlezi. Na ndani ya kila kidonge cha kutuliza kinga kuna punje ndogo zaidi. Kidonge kikiyeyuka tumboni punje inalia, kidoti kinasikia, Mlezi anaandika: amemeza. Huwezi kudanganya. Mzee mmoja wa Mlimba alijaribu kumlisha mbuzi, Mlezi akampigia simu kabla mbuzi hajamaliza kutafuna.

Lakini watu ni watu. Mamlaka iliwaunganisha mapacha ili wachunguzane, wao wakageuza kuwa undugu. Tena undugu wa utani, ule wa kutukanana mchana kweupe bila kugombana. Mwalimu alimwita Kastuli "mla pumba". Kastuli alimwita Mwalimu "figo ya kushoto", kwamba yake ya kulia ndiyo iliyobarikiwa. Na kwa kuwa hawakujua kaburi la aliyewapa uhai, walichagua tarehe ya upasuaji kuwa siku ya marehemu wao. Kila mwaka mmoja anakwenda kwa mwenzake, wanatoa misa, wanapika wali na kuku, wanamwombea mtu wasiyemjua jina.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Lupiro.

Kastuli alikwenda na vidonge vya siku moja, kwa sababu alikwenda kwa siku moja. Misa ilikuwa nzuri. Usiku ukamwagika mvua, asubuhi daraja halipo. Yaani halipo, limeondoka na nguzo zake. Akapiga simu kwa Mlezi.

"Dawa yako imefika salama," ikasema Mlezi.

"Imefika wapi?"

"Nyumbani kwako Ifakara, juu ya paa."

"Mimi niko Lupiro. Daraja limechukuliwa na maji. Leteni huku."

"Asante kwa kutujulisha. Dawa yako imefika salama."

Alipiga mara kumi na moja, kila siku mara moja, mpaka akaizoea kama salamu. Siku ya tatu ndege ya Mamlaka, ile ndogo isiyo na rubani, ilipita juu ya nyumba ya Mwalimu ikipeleka dawa za mtu mwingine mbele huko. Kastuli alitoka uwanjani akaipungia khanga ya Mwalimu huku akipiga kelele. Ndege ikampiga picha ya usalama, ikaenda zake.

Mwalimu ndiye aliyechukua kisu. Hakutoa hotuba. Aliweka kidonge chake kwenye kibao cha kukatia vitunguu, akakipasua katikati, akasukuma nusu upande wa Kastuli.

"Mwalimu, acha."

"Acha nini? Unataka ufie kwangu watu waseme nimekuroga? Meza."

Kidonge kile kilikuwa cheupe, na upande mmoja kilikuwa na mstari wa bluu. Nusu moja ikawa na bluu, nyingine nyeupe tupu kama chaki. Kastuli akanyoosha mkono kuchukua nyeupe. Mwalimu akampiga kofi la mkono.

"Hiyo yangu. Wewe mgeni, chukua hii yenye rangi."

"Kuna tofauti gani?"

"Sijui tofauti yoyote. Ila nyumbani kwangu mgeni hali shingo mimi nikala paja. Chukua bluu."

Siku kumi na moja mgeni akala bluu, mwenyeji akala nyeupe. Kisha maji yakapungua, Kastuli akavushwa kwa mtumbwi wa watu wa mpunga, akarudi nyumbani na kupanda paani kuchukua maboksi yake. Yalikuwa makavu kabisa. Mlezi hakudanganya: dawa ilikuwa imefika salama.

*

"Bluu ndipo punje ilipo," akasema Daktari Sijaona Mchopa.

Walikuwa wamekaa kwenye chumba chake cha mwisho wa korido, mlango umefungwa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye macho ya mtu aliyelala saa tatu. Alikuwa amesikiliza habari yote bila kuandika kitu, na Kastuli aliona kwamba hakuandika makusudi.

Mwalimu alifumba macho. "Kwa hiyo kila asubuhi mimi nilimeza chaki."

"Hapana, ulimeza nusu dozi kama yeye. Dawa ipo pande zote. Ila punje iko upande mmoja tu. Kidoti cha Kastuli kikasikia punje, kikaandika dozi nzima. Chako hakikusikia kitu, kikaandika hujameza. Wote wawili mlimeza nusu. Mlezi akampa yeye mia, akakupa wewe uzembe."

"Na figo yangu kushuka?"

"Bahati mbaya, Mwalimu. Una miaka kumi zaidi, na ulipata malaria mwezi ule. Mwili mmoja ulivumilia nusu dozi, mwingine ukakataa. Sindano ya kuamsha figo ingekurudisha, nina hakika. Lakini iingie kabla ya Ijumaa. Baada ya hapo figo itakuwa imekufa, na mwenye rekodi ya uzembe hapewi nyingine."

Ilikuwa Jumatano.

Kastuli alipiga meza kwa kiganja. "Si tuwaambie tu! Wao ndio waliotupa dawa yangu juu ya bati! Nina simu kumi na moja, zote zimerekodiwa na wao wenyewe!"

"Kifungu cha saba cha kanuni za Mamlaka," Daktari akasema taratibu. "Atakayegawa dawa yake na atakayeipokea, wote wawili wanaondolewa kwenye ufuatiliaji. Sababu haiulizwi. Hakuna hata kisanduku cha kuandika sababu, nimetafuta. Ukisema ukweli, Mwalimu hapati sindano kwa sababu alikupa, na wewe unatolewa kwa sababu ulipokea."

"Kutolewa maana yake nini hasa?"

"Kidoti kinazimwa. Vidonge utapanga foleni dirishani kama watu wengine, utapewa dozi ya makisio. Hakuna atakayejua figo ikianza kuchoka mpaka uvimbe. Wengine wanaishi miaka mingi. Wengine hawaishi."

Mwalimu akacheka, kicheko kikavu. "Basi hakuna cha kujadili. Kastuli, wewe umepata mia. Nenda kakae na picha yako."

"Sikai na picha yoyote."

"Una watoto watatu shuleni."

"Na wewe una wajukuu."

"Wajukuu wana mama yao. Usinibishie, mla pumba, nimechoka."

Daktari alikuwa anatazama dirishani. Akasema, kama mtu anayezungumza na kioo, "Kipo pia kifungu cha nane. Mgonjwa aliyeibiwa dawa hana kosa. Siku zake zinarudishwa. Mwizi peke yake ndiye anayetolewa." Akasimama. "Mimi sijasema kitu. Nakwenda kunawa mikono."

Mlango ukafungwa. Kastuli na Mwalimu wakatazamana.

"Usithubutu," akasema Mwalimu.

"Kwani nimesema nini?"

"Nimefundisha watoto wa kila aina, uso kama huo naujua. Kastuli, sikia. Miaka thelathini na minne nimewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Siwezi kuanza leo. Na siwezi kukaa na figo niliyoipata kwa kukuita mwizi."

"Hutaniita wewe. Nitajiita mwenyewe."

"Nitakataa mbele yao."

"Na ukikataa, tunazama wote, Mwalimu. Fanya hesabu." Akamnyooshea kidole. "Mmoja anapona, au hakuna anayepona. Wewe ndiye uliyekata kidonge. Ungeniambia tu, Kastuli, hii ni yangu, kaa na mvua yako, leo ungekuwa na mia na mimi ndiye niliyevimba. Halafu eti mimi ndiye wa mfano! Wameniweka ukutani! Nikipita pale tena nitapasua kile kioo kwa spana."

Mwalimu alikuwa anaangalia miguu yake.

*

Afisa Uzingativu, anayeangalia nani anameza dawa na nani hamezi, aliitwa Pendaeli Mshana, kijana msafi wa shati jeupe, aliyepelekwa Ifakara mwaka jana na bado alikuwa anaogopa mbu. Meza yake ilikuwa na kioo cha Mlezi na chupa ya maji. Daktari Sijaona aliketi pembeni kama shahidi. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu tangu asubuhi ya siku ile, Alhamisi, miguu ilikuwa imegoma.

"Mzee Kastuli," akasema afisa, "umeleta maombi ya kukiri kosa. Wewe? Mgonjwa wa mfano?"

"Ndiyo, bwana afisa. Nilimwibia huyu mama dawa. Siku kumi na moja."

"Ulimwibiaje?"

"Kila asubuhi akienda kuchota maji, nilikuwa nachukua kidonge chake, nakipasua, nachukua nusu yenye bluu, namwachia nusu."

Afisa akainua kichwa. "Mwizi gani anaacha nusu?"

"Mwizi aliyelelewa vizuri."

Daktari alikohoa kwenye kiganja. Afisa hakucheka. Alimtazama Kastuli muda mrefu, kisha akamtazama Mwalimu, kisha akagusa kioo.

"Maelezo yamepokelewa," ikasema Mlezi, laini kama siagi. "Edeltruda, mwenzako amekiri kukuibia. Una dakika tano za kupinga. Ukipinga, sema neno: napinga. Usipolisema ndani ya dakika tano, umekubali, na kifungu cha nane kitatumika. Muda unaanza sasa."

Kwenye kioo tarakimu zikaanza kushuka. Kastuli alimgeukia Mwalimu, akaona mdomo wake umeshafunguka. Huyu mama hajawahi kunyamaza dakika tano. Hata kanisani mapadre walikuwa wanafupisha mahubiri wakimwona mbele.

"Mwalimu," akanong'ona. "Nakuomba. Kwa marehemu wetu."

Mwalimu aliuma midomo. Tarakimu zikasoma dakika nne na sekunde hamsini. Nne na arobaini. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, mkono umeshika fimbo mpaka mishipa imesimama. Nne na ishirini. Ndipo akapasuka.

"Kijana!" Afisa aliruka. "Mshana, unaitwa Mshana? Nitazame mimi, usitazame hicho kioo. Unajua daraja la kwetu lilikwenda na maji?"

"Nili... nilisikia, mama."

"Ulisikia. Vizuri. Huyu bwana alipiga simu mara kumi na moja. Anawaambia nipo Lupiro, mnamwambia dawa iko juu ya paa Ifakara. Nani alikuwa ale hiyo dawa, paka? Ndege yenu ikapita juu ya kichwa chake! Amesimama uwanjani anapunga khanga yangu, mwanamume mzima, mkampiga picha! Picha mnaweza. Kushuka hamuwezi."

Kastuli alikuwa ameshika kichwa. Tatu na thelathini. Daktari Sijaona alikuwa amejiinamia, macho yapo kwenye tarakimu.

"Mnatupima kwa mapacha. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nitakwambia kitu cha darasa la tano: ukitaka kulinganisha vitu viwili, kwanza ujue umepima nini. Ninyi mmepima punje! Mmesikiliza punje inalia, mkafikiri mmesikiliza mtu. Mmeweka punje upande mmoja wa kidonge, hamkufikiria hata siku moja kwamba katika nchi hii yote atatokea mtu mmoja atakayekata kidonge chake ampe mwenzake. Mlidhani tunaishije huku? Wewe kwenu mgeni akija na nyama iko moja, mama yako hufanya nini?"

Afisa alifungua kizibo cha chupa yake ya maji. "Hukata," akasema chini chini.

"Hukata! Na kipande kizuri humpa nani?"

"Mama, mimi..."

"Nimekuuliza swali."

"Mgeni."

"Kaa hapo na jibu lako." Moja na hamsini. Mwalimu alivuta pumzi, na hewa ilikuwa inaingia kwa shida, kifua kinafanya sauti ya karatasi. "Na kwa hilo tu, mnataka mtu mmoja afe. Hamjali nani. Mmoja tu atoke kwenye orodha, orodha ipendeze. Halafu mnatutakia afya njema. Hiyo afya njema yenu ingekuwa na kichwa, ningekipiga na hii fimbo. Nimezika watu wanne wa kituo hiki, wote mliwaita wazembe. Nilikwenda misibani, nikala ubwabwa, nikaamini. Mungu anisamehe, niliamini! Nikasema labda kweli hawakumeza."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ukali kana kwamba ni ya mtu mwingine. Sekunde hamsini.

Afisa Pendaeli alikuwa ameacha kutazama kioo. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa kwapani. "Mwalimu," akasema, "kwa hayo uliyosema... kama nimeelewa... dawa ulimpa mwenyewe."

Kastuli akasimama. Daktari akamshika mkono, akamkalisha.

Mwalimu alimtazama yule kijana. "Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

"Chote?"

"Chote, Mwalimu."

"Na mimi sitarudia, na wala sitafuta hata neno moja. Sasa wewe ndiye mwenye akili, siyo hilo bati la mezani. Amua."

Sekunde ishirini. Afisa alitazama mikono yake juu ya meza. Kumi na tano. Alipozungumza, alizungumza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe.

"Utaratibu unanitaka nisikilize neno moja tu. Ndivyo tulivyofundishwa. Mengine yote mgonjwa anayosema yanahesabiwa kuwa ni malalamiko." Akameza mate. "Mimi neno lile sijalisikia."

Tano. Nne. Kastuli aliona midomo ya Mwalimu ikitetemeka, neno liko pale pale nyuma ya meno, miaka thelathini na minne inalisukuma. Akalimeza. Aliumeza uongo ule kama mtu anayemeza dawa chungu bila maji, na sura yake ilionyesha kwamba hatamsamehe Kastuli leo wala kesho.

"Muda umekwisha," ikasema Mlezi. "Edeltruda, umekubali. Siku kumi na moja zimerudishwa. Alama zako ni mia. Ombi la sindano limepitishwa. Hongera. Kastuli, umeondolewa kwenye ufuatiliaji kwa wizi wa dawa. Kidoti chako kitazimwa. Tunakutakia..."

Afisa Pendaeli alinyoosha mkono akazima sauti.

*

Kuzimwa kwa kidoti hakuumi. Kastuli alikuwa anapita koridoni akahisi joto dogo ubavuni, kama mtu amemgusa kwa kidole chenye uvuguvugu, kisha basi. Miaka minne kitu kile kilikuwa kinamsemea. Sasa akajishika ubavu akaupapasa, akajiuliza: upoje wewe humo ndani? Hakujibiwa. Ilimbidi atafute daftari, mizani, kipimajoto na kikombe cha kupimia mkojo, ajiulize mwenyewe kila alfajiri na ajiamini mwenyewe. Alijua wapo wanaoishi hivyo. Alijua pia idadi ya wasioishi.

Ukumbini walikuwa wanashusha picha yake. Kwenye kioo palibaki mraba mtupu, na chini yake mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu Kastuli alipompita. Habari zilikuwa zimeshasomwa kwa sauti, kuleta ari. Kastuli alitembea katikati yao akiwa amenyoosha shingo. Hasira ya jana ilikuwa bado inamchemka, na aliona afadhali ichemke, siku itakapopoa ndipo atakapokuwa mgonjwa kweli.

Chumba cha sindano kilikuwa mwisho wa jengo. Kabla hajafika alisikia sauti ya Mwalimu ikimfokea mtu kuhusu mto, kwamba huo siyo mto, ni gunia la pumba, na kama ni gunia la pumba basi wamwite yule jamaa yake alile. Kastuli akasimama kidogo ukutani. Alicheka, na kicheko kikamtoka na maji ya macho.

Mlangoni alikaa muuguzi kijana, na kibao cha kusajili wageni.

"Unakwenda kwa nani, baba?"

"Kwa Mwalimu Edeltruda Ngaponda."

"Wewe ni pacha wake?" Akagusa kibao, akakunja uso. "Hapa inaonyesha hana pacha. Nafasi imefutwa. Wewe siyo mume wake?"

"Mungu apishe mbali."

"Siyo ndugu wa damu?"

"Hapana."

"Sasa baba, anayeingia lazima awe mtu wake. Nikuandike wewe ni nani wake?"

Kutoka ndani sauti ya Mwalimu ikaita, hasira tele, uhai tele: "Kama ni Kastuli mwambie simtaki! Na aingie haraka, dripu hii inakwenda taratibu, nataka mtu wa kumtukana!"

Kastuli akavua kofia, akamtazama muuguzi machoni.

"Andika," akasema. "Mwizi wake."